Mstari wa Pili Kwenye Kompyuta ya Ndiva

Wewe unayesoma hapa, uliona. Usiniambie hukuona. Uliona bomba la shule linavuja, ukaruka dimbwi ukaendelea na safari. Ulisikia jina la mtoto aliyehama linaitwa kwenye mahudhurio, mwenzako akaitikia "nipo," nawe ukacheka. Ukapeleka macho pembeni, ukasema hiyo si kazi yako. Basi kaa kitako nikusimulie habari za Doris wa kijiji cha Mhezi. Yeye naye aliona, akapeleka macho pembeni, na kidogo mjomba wake anyimwe maji kwa sababu hiyo.

Mwaka huo wa 2004 Doris alikuwa darasa la sita. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe, akanawa miguu, akashuka shuleni huku umande ukimlowesha sketi. Jumanne na Ijumaa, baada ya masomo, alipitia ofisi ya ndiva kufagia. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilojenga mababu zetu juu ya mashamba. Usiku mfereji unalijaza, asubuhi tundu linazibuliwa, na maji yanateremka shamba kwa shamba kwa zamu. Kaya zilikuwa arobaini, kaya nne kwa siku. Ukikosa zamu yako, unangoja siku kumi.

Mwandishi wa zamu alikuwa Tumainieli, mjomba wake Doris, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamani aliandika kwenye daftari. Kisha wahisani wakaleta kompyuta. Ndiyo miaka ile ya soko huria: ruzuku ya mbolea imeondoka, bei ya kahawa imeanguka, na kila kilichochoka Ulaya kinapandishwa milimani kwetu kiwe kipya. Mashati, redio, na sasa kompyuta yenye vibonye vilivyogeuka rangi ya meno ya mzee. Umeme hakuna, kwa hiyo iliwashwa kwa jenereta siku mbili tu kwa wiki, petroli ikiwepo.

Mwezi wa sita kompyuta ikaugua. Ilijizima yenyewe katikati ya kazi. Tumainieli akaagiza fundi kutoka Same mjini, kijana aliyeitwa Nassoro, ambaye alijifunza kazi kwa kufungua mashine zilizokufa na kuzifunga tena mpaka zikafufuka.

"Hapa ni kupiga windo upya," alisema Nassoro. Alipoona Doris hajaelewa, akaeleza. "Kompyuta ina mfumo unaoiendesha. Wa hii umeoza. Naweka mpya, halafu naufuta wa zamani."

Mjomba hakuwepo. Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na wote walikuwa wanaziba ukuta wa ndiva. Doris ndiye aliyebaki na ufagio na ufunguo.

Nassoro alihifadhi orodha ya zamu kwenye diski, akaweka mfumo mpya, akafuta ule wa zamani, akairudisha orodha mahali pake. Kisha akaizima mashine na kuiwasha tena. Kioo kikawa cheusi, ikatokea mistari miwili ya maandishi meupe. Mistari yote miwili ilikuwa na jina lilelile, herufi kwa herufi.

"Mbona iko miwili?" Doris aliuliza.

"Macho yako makali," alisema Nassoro. "Wa juu ndio mzima. Wa chini umebaki jina tu. Mfumo wenyewe nimeshaufuta, lakini jina halijatoka kwenye orodha ya kuwashia. Ni kama mtu aliyehama, kibao chake bado kipo mlangoni. Ngoja nikiondoe."

Hakukiondoa. Jenereta lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Petroli imekwisha. Na kule barabarani gari la Same lilikuwa linapiga honi, la mwisho kwa siku hiyo. Nassoro akachana karatasi, akaandika haraka hatua za kufuata, akamkabidhi Doris.

"Mpe mwandishi leo leo. Mwambie hilo jina lifutwe kabla halijawachanganya watu. Umenisikia?"

"Nimesikia, kaka."

Alisikia kweli. Akaitia karatasi ndani ya daftari la hesabu. Papo hapo Kurwa, rafiki yake, akachungulia dirishani. "Doris! Netiboli tumepungukiwa mmoja!" Doris akafunga mlango akakimbia. Karatasi ikalala kati ya kurasa za sehemu na desimali. Siku ya pili aliikumbuka akasema kesho. Wiki ya pili aliikumbuka akaogopa kuulizwa ilikuwa wapi.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, akaja mzee Yona.

Mzee Yona alikuwa mlinzi wa ndiva, mwenye kuzibua tundu kila asubuhi. Alikuwa amepita miaka sabini, na kumbukumbu yake ilikuwa kama mtego. Kilichoingia hakikutoka.

"Shikamoo, mzee," alisema Tumainieli.

"Marahaba. Nataka kuona zamu yangu kwenye hicho kisanduku chako."

Tumainieli akawasha. Kioo kikawa cheusi. Mistari miwili.

"Hiyo nini?"

"Inauliza iwake kwa mfumo upi, mzee."

"Na wewe huwa unajibu upi?"

"Mimi sijibu. Nikingoja nusu dakika inaingia yenyewe kwenye wa juu."

"Na wa chini una nini?"

Tumainieli akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kwa kweli sijui. Tangu fundi aondoke iko hivyo."

"Wewe ndiye mwandishi, na hujui." Yona akasogeza kiti. "Hebu fungua huo wa chini."

Tumainieli akauchagua mstari wa pili. Mashine ikafikiri, kisha ikaandika kwamba faili linalotakiwa halipo.

"Imekataa, mzee."

"Imekataa, au imefungwa isifunguke mbele yangu?"

Doris alikuwa mlangoni na ufagio. Daftari la hesabu lilikuwa begani mwake, ndani ya mfuko wa kitambaa, na alilisikia zito kama jiwe la kusagia. Maneno mawili tu yangetosha: "Ninayo karatasi." Akafungua mdomo. Akafikiria wiki tatu, akafikiria fimbo. Akaufunga. Akafagia mahali palepale mara tatu, macho chini.

Unamwona? Huyo ni wewe kwenye lile dimbwi la bomba.

"Nikwambie kitu, Tumainieli," alisema Yona polepole. "Mwaka themanini na tatu, sukari ilipokuwa hadithi, duka letu la kijiji lilikuwa na orodha mbili. Moja mlangoni, moja chini ya meza. Majina ni yaleyale, yamepangwa vilevile. Tofauti ilikuwa kwenye uzito. Mke wangu alijifungua akanywa uji wa chumvi, ilhali kwenye orodha ya mlangoni tulikuwa tumeandikiwa kilo moja. Na aliyekuwa akiandika alikuwa mpole, kama wewe." Akainuka. "Sitaki kusikia habari ya orodha mbili tena maishani mwangu. Ijumaa ijayo tutakutana watu wote."

Usimcheke mzee huyo. Alikuwa na haki ya kushuku. Aliyewahi kuibiwa kwa kalamu huitazama kila kalamu mara mbili, na wazee wengi wa milima hii wameibiwa kwa kalamu.

Jumatatu mlima mzima ulikuwa unajua. Kompyuta ina matumbo mawili. Tumbo la juu la watu wote, tumbo la chini la ukoo wa mwandishi. Shuleni, wakati wa mapumziko, watoto walimzunguka Doris.

"Eti maharage ya kwenu yanakunywa mara ngapi kwa wiki?"

"Mwambie mjomba atuonyeshe orodha ya chini, na sisi tujue kuoga!"

Wakacheka wote isipokuwa Kurwa. Mama yake Kurwa, Bahati, alitokea kwenye mashamba ya mkonge kule bondeni. Alikuja kijijini miaka mitatu nyuma, akakodi kipande cha shamba. Zamu ya maji hakupata. Kila alipoomba aliambiwa nafasi ni arobaini na zimejaa.

"Mama anabeba ndoo ishirini kila jioni kumwagilia kabichi," alisema Kurwa. "Shingo yake imeingia ndani. Nyinyi mna orodha mbili."

"Hakuna orodha mbili!"

"Umejuaje?"

Doris alijua kabisa amejuaje. Akageuka akaondoka, na hilo likawa ushahidi tosha kwa waliobaki.

Alhamisi jioni mjomba Tumainieli alikuja kwao. Jenoveva, mama yake Doris, alimwandalia kaka yake makande, naye akayageuza kwenye sahani bila kula.

"Wamesema nini?" aliuliza Jenoveva.

"Kesho. Wakikubaliana, naondolewa uandishi na shamba langu linakatwa zamu mpaka mvua."

"Mpaka mvua? Maharage yametoa maua!"

"Ndiyo hivyo. Bila maji siku ishirini, ni kuni tu." Akajaribu kucheka. "Ada ya mwanangu wa sekondari iko kwenye maua hayo. Na mimi siwezi kujitetea, dada. Wananiuliza kuna nini kwenye mstari wa pili, na mimi sijui; fundi nimemtafuta Same, sijampata. Ukweli wangu unafanana na uongo."

Doris alisikia sentensi hiyo kama imerushwa kwake. Mjomba alipoondoka, akauchukua mfuko, akafungua daftari la hesabu, akaiweka karatasi mapajani mwa mama yake. 

Jenoveva alisoma akasogea karibu na koroboi akasoma tena. "Hii ya lini?"

"Siku ya msaragambo."

"Wiki nne." Jenoveva aliikunja karatasi ikarudi kwenye mikunjo yake. Doris alingoja kofi. Halikuja. "Kesho utaitoa mwenyewe, mbele ya watu. Mimi sitakusemea. Mdomo ulioziba ni wako, na wa kuuzibua ni wewe."

Ijumaa saa tisa watu walijaa mbele ya ofisi ya ndiva. Waliokosa nafasi walikaa juu ya mawe ya mfereji. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya nyumba, na petroli ilichangwa makusudi, kila kaya kikombe, ili mtu asije akasema limezimika. Mzee Yona alisimama.

"Swali ni moja. Kuna nini kwenye mstari wa chini? Mwandishi, jibu."

"Sijui, mzee wangu."

Minong'ono ikapanda. Sauti moja nyuma ikasema, "Mpasueni hicho kisanduku, tuone utumbo!"

"Mimi najua," alisema Doris.

Sauti yake ilitoka ndogo, lakini alikuwa ameshafika mbele. Akaeleza yote: fundi, petroli, honi ya gari, karatasi, netiboli. "Niliambiwa niitoe leo leo. Sikuitoa. Mjomba hakuambiwa kitu. Kosa ni langu."

Tumainieli alimtazama mpwa wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Yona yeye alikunja mdomo.

"Karatasi ya mpwa inayomwokoa mjomba, imeonekana siku ya kikao. Mimi nilizaliwa jana?" Watu wakacheka. "Sikatai, binti. Lakini maneno hayatoshi. Tumainieli, kaa pale kwenye jiwe, mikono nje niione. Mtoto huyu afanye kazi. Na asisome mwenyewe. Asome huyu." Akamnyooshea kidole Kurwa. "Wewe huna ndugu humu ndani. Soma unachokiona, usiongeze."

Wakaingia watatu ofisini, vichwa vya watu vikajaa dirishani. Doris akakaa mbele ya kioo.

"Kwanza," alisoma Kurwa, "ngoja mashine iwake kwa mstari wa juu. Fungua faili la kuwashia. Kabla hujagusa, tengeneza nakala yake."

Doris akafanya. Ndani ya faili ilikuwepo ile mistari miwili. Huku ndani haikufanana tena. Wa juu ulitaja kabati la mfumo mpya, yaani mahali mashine inapotunza faili zake. Wa chini ulitaja kabati la zamani.

"Angalia kama kabati la zamani lipo. Nimelifuta, hutalikuta."

Doris akapekua. Yona akainama mpaka ndevu zake zikagusa kibonye. Lilikuwepo kabati la mfumo mpya peke yake, na pembeni yake kabati la zamu.

"Yaani jina lipo na mwenyewe hayupo?" aliuliza Yona.

"Ndiyo, mzee."

"Endelea."

"Futa mstari wa chini," alisoma Kurwa. "Wa juu usiuguse. Ukiufuta wa juu, mashine haitawaka tena." Akainua macho. "Doris, angalia vizuri."

Doris aliufuatilia mstari wa chini kwa kidole juu ya kioo, herufi kwa herufi.  Akafuta. Akahifadhi. Akaizima mashine.

Akaiwasha. Kioo kikawa cheusi. Watu wakangoja lile swali. Halikutokea. Mashine ikapita moja kwa moja ikafunguka, kama mlango wa nyumba yenye mtu.

"Imeacha kuuliza!" mtu alipiga kelele dirishani.

Tumainieli, pale kwenye jiwe, aliinamisha kichwa na mabega yakashuka. Lakini mzee Yona hakuwa amemaliza.

"Bado orodha. Mimi zamu zote arobaini ninazo hapa." Akagonga paji la uso. "Nitazitaja kwa kichwa. Kurwa ufuatilie kwenye kioo. Likipishana moja, nitajua."

Akafumba macho, akaanza. Jina la kwanza, sawa. La pili, sawa. Watu wakawa wanaitikia "sawa" pamoja na Kurwa, kama vile kanisani. La kumi, sawa. La kumi na sita, Yona mwenyewe, sawa.

"La kumi na saba, Sebastiani."

"Sebastiani, sawa," alisema Kurwa.

"Sebastiani yupi?"

Sauti ilitoka kwenye mfereji. Alikuwa Bahati, mama yake Kurwa, na kata ya kubebea ndoo bado iko kichwani. "Samahani, wazee wangu. Sebastiani mdogo wake mzee Yona? Huyo si tulimzika mwaka juzi? Mimi mwenyewe nilipika pale."

Macho yakaenda pembeni. Si kwamba watu hawakujua. Walijua wote. Walilia kwenye mazishi yake, na kila siku ya kumi waliona maji yake yakipita.

"Hakuacha mke wala mtoto," aliendelea Bahati. "Basi zamu yake anakunywa nani?"

Mzee Yona alifumbua macho. Angeweza kukohoa, angeweza kukasirika. Akakitazama kile kioo, mahali palipokuwa na mstari wa pili.

"Yanaingia kwangu," alisema. "Shamba lake linapakana na langu. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikumwambia mtu."

"Mzee," Tumainieli alisema kutoka jiweni, "na mimi ndiye mwandishi. Nililiona jina kila Ijumaa. Nikalizoea, kama nilivyouzoea mstari wa chini."

Yona akatoka nje akasimama katikati ya watu. 

"Nilikuja hapa kutafuta orodha ya pili. Nimeikuta, na imo shambani kwangu. Tumainieli, nisamehe. Wewe rudi kazini. Doris, njoo hapa mbele." Doris akasogea. "Jina la kitu kilichokufa likiachwa kwenye orodha, atatokea wa kulitumia au wa kuliogopa. Sisi tumefanya yote mawili. Wewe ulikuwa na ukweli ndani ya daftari ukaufungia, na mtu asiye na kosa akakaribia kuumia. Ukipewa neno la watu, lifikishe siku hiyohiyo. Ukichelewa, lifikishe hivyohivyo ukiwa umechelewa, maana kesho litakuwa zito zaidi. Na sisi wazee tumesikia: anayeshuku aombe kifunguliwe mbele ya wote, kisha aanze kufungua chake."

"Na adhabu ya mtoto?" aliuliza mmoja.

"Kila Ijumaa ataiandika orodha nzima kwa mkono, herufi kubwa, na kuibandika kwenye mti wa lango la ndiva," alisema Jenoveva kabla mtu mwingine hajasema. "Mimi mama yake nimeamua. Na asiyeona jina lake aulize palepale."

Kurwa alikuwa bado amekaa mbele ya kompyuta. "Mzee," aliita, "la kumi na saba nifute?"

"Futa," alisema Yona. "Halafu uandike Bahati. Zamu yenyewe ni kesho; asubuhi nitamzibulia mimi mwenyewe."

Kurwa aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, jina la mama yake. Nje, Bahati aliivua ile kata kichwani, akabaki ameishika, hajui aiweke wapi.

Sasa wewe. Hadithi imekwisha na macho yako nimeyashika, usiyapeleke pembeni. Lipo jina lililokufa kwenye orodha unayoifahamu: ya mahudhurio, ya zamu, ya maji, ya madawati, ya kamati iliyosahau kuchaguliwa upya. Ipo karatasi uliyopewa uifikishe, nawe umeikunja. Usingoje kikao, usingoje kesho, usingoje mkubwa akuulize. Funga kitabu hiki, simama, kamwambie mwalimu au mzazi wako leo leo. Nenda.